Maswali ya Wasomaji kwa Mtaalamu wa Fiziotherapia: Taya Linalouma kwa Kusaga Meno

SWALI: Shikamoo, Mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 41, fundi cherehani hapa Tanga. Kwa zaidi ya miezi minane nimekuwa nikiamka asubuhi taya likiwa zito kama la mtu aliyetafuna muwa usiku kucha. Mashavu yanauma, na maumivu yanapanda hadi kwenye panja na ndani ya sikio la kulia. Nilianza kwa kutumia dawa ya matone ya sikio bila nafuu yoyote. Baadaye niling'olewa gego la chini la upande huohuo, kwa kuwa niliamini ndilo linaloniuma, lakini kidonda kilipopona maumivu yalikuwa palepale. Mume wangu ndiye aliyeniambia kwamba ninasaga meno usingizini kwa sauti ya kumwamsha. Daktari wa meno niliyemwona mara ya mwisho amesema meno yangu yamelika, tatizo lililobaki ni la misuli, na ameniagiza nimwone mtaalamu wa fiziotherapia. Mimi nilidhani fiziotherapia ni ya watu waliovunjika miguu au waliopatwa na kiharusi. Je, taya nalo hufanyiwa mazoezi? Na ni njia gani za kulegeza misuli hiyo ninazoweza kuzifanya mwenyewe, nikiwa kazini na nyumbani? — Mama Fundi, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naam, taya hufanyiwa mazoezi, kwa kuwa ni kiungo kama goti au bega, tena hakina siku ya mapumziko: hutumika tunapokula, tunapozungumza, tunapopiga miayo na hata tunapomeza mate usingizini. Lakini kabla sijayafikia mazoezi, niruhusu niseme neno kuhusu gego lako. Sikuliona, kwa hiyo siwezi kudai kwamba lilikuwa zima. Ninachokijua ni kwamba msuli wa shavu uliochoka na kukaza huweza kuyapeleka maumivu yake kwenye magego ya juu na ya chini, na msuli wa panja huyapeleka kwenye meno ya juu na kichwani, hata mgonjwa akaapa kwamba jino ndilo linalouma ilhali halina kasoro. Sikio nalo limepakana na kiungo cha taya, ambacho kiko mbele yake kidogo tu, ndiyo maana wengi hudhani sikio lina ugonjwa. Nimewahudumia watu waliokwisha kung'olewa jino la pili na la tatu wakiyafuata maumivu haya, na huzuni yao hainitoki moyoni. Ninamwomba kila anayesoma ukurasa huu asikubali kung'olewa jino kabla daktari hajaligonga, hajalipiga picha pale inapowezekana, na hajaibonyeza misuli ya taya ili aone kama maumivu yanayotokea hapo ni yaleyale yaliyomleta mgonjwa.

Ni vizuri uifahamu misuli yenyewe kwa mkono wako. Weka vidole vitatu juu ya kila shavu, kati ya mfupa wa shavu na pembe ya taya iliyo chini ya sikio, kisha uma meno kidogo na uachie. Kile kinachotutumka na kulala tena chini ya vidole ndicho msuli wa shavu, ambao kwa ukubwa wake ni miongoni mwa misuli yenye nguvu nyingi mwilini. Peleka vidole kwenye panja, yaani pale kati ya jicho na sikio, ufanye vivyo hivyo, na utaugusa msuli wa pili, uliotanda ubavuni mwa kichwa kama pepeo la ukili. Hiyo miwili, pamoja na mingine midogo iliyojificha upande wa ndani wa taya, imeumbwa kwa kazi nzito ya muda mfupi, kama vile kukata muwa au kusaga karanga, kisha ipumzike. Meno ya juu na ya chini hayakuumbwa yakae yamegusana. Hukutana wakati wa kutafuna na wa kumeza, na ukizijumlisha nyakati hizo zote kwa kawaida hazifiki nusu saa katika saa 24. Anayekaza meno kwa saa nyingi anaitaka misuli hiyo ifanye kazi isiyoijua, na ndiyo maana huchoka, huvimba, na hatimaye huuma hata ikiguswa kwa kidole.

Kuna kusaga meno kwa usingizini na kuna kukaza meno kwa mchana, na makubaliano ya kimataifa ya wataalamu wa fani hii yaliyochapishwa mwaka 2018 yalieleza kwamba kwa mtu mwenye afya njema hali hizo ni mwenendo wa misuli, hazihesabiwi kuwa ugonjwa kwa zenyewe. Usiku, ubongo hushtuka kwa sekunde chache bila mtu kuamka, mapigo ya moyo huongezeka, na misuli ya taya hukaza na kulegea kwa mfululizo. Hayo hutokea zaidi katika usingizi mwepesi. Hakuna anayeweza kuliamuru taya lake akiwa amelala, kwa hiyo usijilaumu, na mumeo naye asikulaumu. Mchana ni habari nyingine, kwa kuwa mchana una macho na una akili ya kujirekebisha. Wewe umeniandikia kuhusu usiku peke yake, lakini ninaifahamu kazi ya cherehani kwa kuwa mama yangu mzazi aliifanya, na ninakumbuka jinsi alivyokata uzi kwa meno, alivyoshika pini kwa midomo, na alivyouma meno kila alipopita kwenye kona ya kola. Naamini nawe umo humo. Tiba ya taya lako itaanzia kwenye kiti cha cherehani, na usiku utafuata baadaye.

Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote nitakayoyataja, ni kulifundisha taya mahali pa kupumzikia. Tamka neno "na" polepole, usimame kwenye herufi ya kwanza, na uuache ulimi palepale ulipogusa, juu kwenye kaakaa, nyuma kidogo ya meno ya mbele. Midomo ifunge bila kubanwa. Meno yaachane kwa nafasi ndogo ya milimita mbili au tatu. Pumua kwa pua. Hapo taya linaning'inia kwa uzito wake, na ukiligusa shavu utalikuta laini. Ugumu wake ni kukumbuka kulirudia zoezi hilo hadi liwe mazoea, kwa sababu mtu anayekaza meno hajui kama anakaza. Kwa hiyo jiwekee vikumbusho vilivyomo ndani ya kazi yako. Kila unapobadilisha bobini, kila unapoinua mguu wa cherehani kutoa kitambaa, na kila unaposikia adhana, jiulize meno yako yako wapi, kisha uyaachanishe na ushushe mabega. Kipande cha kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye cherehani kinatosha kukukumbusha, lakini baada ya wiki mbili kibadilishe rangi au mahali, maana jicho huzoea. Mkasi mdogo ufungwe kwa kamba shingoni, ili meno yasiguse uzi tena, na pini zihamie kwenye mto wa pini.

Mtaalamu wa fiziotherapia wa Chile, Mariano Rocabado, alijulikana kwa utaratibu wake wa mazoezi sita ya taya na shingo, kila moja likirudiwa mara sita, mara sita kwa siku, na la kwanza katika hayo ni hilihili la kuuweka ulimi kwenye kaakaa. Simlazimishi mgonjwa afikishe hesabu hiyo, lakini ninaikubali hekima iliyomo, kwamba msuli wa taya hujifunza kwa kurudiarudia kidogokidogo, na hauzoeshwi kwa zoezi moja zito la jioni.

Baada ya hapo ndipo tunaingia kwenye kulegeza kwenyewe. Jioni, ukishamaliza kazi, chovya taulo dogo kwenye maji ya moto, likamue, ulijaribu kwanza kwenye mkono ili lisikuunguze, kisha uliweke juu ya shavu na panja kwa dakika 15 hivi, ukilirudisha majini linapopoa. Bibi zetu walijua faida ya kukanda kwa maji ya moto kabla ya chuo chochote kuifundisha; joto huongeza mzunguko wa damu kwenye msuli na hupunguza ukakamavu wake. Ila usikande kwa joto shavu lililovimba na kuwa jekundu, wala ukiwa na homa, kwa kuwa hapo huenda kuna jipu la jino, na hilo ni la daktari.

Msuli ukishapata joto, uchue. Kwa ncha za vidole viwili, anza chini ya mfupa wa shavu, uzungushe taratibu ukishuka hadi pembe ya taya, kisha upande kwenye panja. Nguvu ya vidole isizidi ile unayoitumia kulibonyeza embe sokoni kujua kama limeiva. Ukikutana na fundo dogo linalouma kuliko kwingine, simama hapo, bonyeza kwa upole bila kuzungusha, na usubiri kwa nusu dakika huku ukipumua polepole. Mara nyingi utahisi maumivu yakipungua chini ya kidole. Kuna sehemu ya msuli wa shavu isiyofikika vizuri kutoka nje. Kwa hiyo osha mikono, ukate kucha, uingize kidole gumba cha mkono wa kushoto ndani ya shavu la kulia na vidole vingine vikae nje, kisha uushike msuli huo katikati kama unavyokishika kitonge cha chapati kupima ulaini wake, ukitembea kutoka juu kwenda chini. Kwa siku za mwanzo pataumia kidogo. Maumivu yakiendelea hadi asubuhi ya pili, umebonyeza kupita kiasi, nawe upunguze.

Zoezi linalofuata hutumia siri moja ya mwili, kwamba misuli ya kufungua kinywa inapofanya kazi, mishipa ya fahamu huiamuru ile ya kufunga ilegee. Ulimi ukiwa kwenye kaakaa, weka ngumi chini ya kidevu, fungua kinywa kidogo huku ngumi ikikizuia kidevu kwa nguvu ndogo sana, hesabu hadi sita, kisha uachie na uliache taya lishuke lenyewe. Rudia mara tano au sita. Utaona kwamba kila mara kinywa kinafunguka kwa urahisi zaidi. Usikivute kinywa kwa vidole kwa kukilazimisha. Nimewaona watu walioambiwa wapanue kinywa hadi mwisho mara nyingi kwa siku, wakazidi kuumia, kwa sababu msuli uliochoka ukivutwa kwa nguvu hujibu kwa kukaza zaidi.

Umeuliza hasa kuhusu kujilegeza, na hapa sina budi kumtaja Edmund Jacobson, daktari wa Marekani ambaye mwaka 1929 alichapisha njia yake ya kukaza kundi moja la misuli kwa makusudi, kisha kuliachia na kuisikiliza tofauti, kuanzia mikononi hadi miguuni. Njia hiyo bado inatumika duniani kote, nami naifundisha, isipokuwa kwa mtu anayesaga meno ninaibadilisha kidogo. Ukiwa umelala chali kitandani, kunja ngumi zote mbili kwa sekunde tano, uachie, na usikilize uzito wa mikono kwa nusu dakika. Pandisha mabega masikioni, uyaachie. Kunja uso kama mtu aliyelamba ndimu, uuachie. Kaza mapaja, kisha nyayo. Likifika zamu yake taya, usiume meno hata kidogo, maana msuli huo umekwisha kuuma meno kupita kiasi. Badala yake usukume ulimi kwenye kaakaa kwa wepesi, kisha uachie na uyahisi magego yakiachana. Malizia kwa kupumua kwa tumbo, mkono mmoja ukiwa juu ya kitovu, ukivuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, na katika kila pumzi inayotoka taya lishuke kidogo. Dakika 10 zinatosha. Wengine hupitiwa na usingizi kabla hawajafika miguuni, na hilo si kosa.

Shingo yako nayo inadai haki yake. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano, nawe unakiinamisha juu ya cherehani kutwa nzima; misuli ya kisogo hukaza ili kisianguke, na misuli ya taya huingia kwenye mvutano huohuo. Inua kiti au meza hadi kitambaa kikufuate wewe badala ya wewe kukifuata. Kila baada ya nusu saa kaa wima, usogeze kidevu nyuma bila kukiinua wala kukiinamisha, hadi uhisi kisogo kinarefuka, uhesabu hadi sita na uachie. Kisha zungusha mabega kuelekea nyuma mara chache.

Kuhusu usiku, zipo sababu zinazochochea kusaga ambazo mazoezi hayaziondoi. Kahawa na chai kali za jioni, tumbaku na pombe zinahusishwa na kusaga meno usingizini. Ukiviacha vinavyokuhusu kuanzia alasiri, utakuwa umejisaidia. Baadhi ya dawa za sonona, kama vile fluoksetini na setralini, huweza kuleta hali hii, na anayezitumia azungumze na daktari wake wala asiziache mwenyewe. Mwulize mumeo pia kama unakoroma na kukatika pumzi kisha kushtuka, kwa kuwa kukatika pumzi usingizini huandamana na kusaga meno kwa baadhi ya watu, na kunahitaji uchunguzi wake. Usilale kifudifudi na shavu likiwa limekandamizwa juu ya mkono. Na kwa wiki hizi za mwanzo mahindi ya kuchoma, muwa, kashata na nyama ngumu vipumzike. Ugali, wali, ndizi, maharage na samaki ni chakula kamili, nawe utafune pande zote mbili.

Pengine utashauriwa utengenezewe kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa kwenye meno wakati wa kulala. Kwa meno yaliyolika kama yako ina kazi yake, kwa kuwa jino husuguana na plastiki badala ya kusuguana na jino mwenzake. Lakini kinga hiyo haiufundishi msuli chochote. Mwongozo wa tiba uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2023 katika jarida la kitabibu la BMJ, unaohusu maumivu ya taya ya muda mrefu, uliweka mbele mazoezi ya taya na ya mkao yanayosimamiwa na mtaalamu, ukandaji wa mafundo ya misuli, na tiba ya kisaikolojia ya kubadili mazoea, pamoja na mbinu za kujilegeza. Vifaa vya mdomoni havikupewa nafasi hiyo. Akitokea mtu wa kutaka kuyachonga meno yako mazima ili "yakutane vizuri", muulize kwanza kwa nini, kwa sababu jino lililochongwa halirudi.

Sitakudanganya kwamba mazoezi haya yatakomesha kusaga kwa usiku. Yanachoweza kukifanya, na nimekishuhudia kwa miaka mingi, ni kupunguza maumivu, kurudisha ufunguaji wa kinywa, na kuufanya msuli uingie usiku ukiwa umepumzika badala ya kuingia ukiwa umechoka tayari. Jipime kila Jumamosi kwa kuingiza vidole vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima kwa kawaida hufungua milimita 40 au zaidi, na vidole vitatu vyake vinakaribia kipimo hicho. Andika daftarini asubuhi ilikuwaje na jioni ilikuwaje. Maumivu yaliyo makali asubuhi huelekeza kwenye usiku, na yanayokua kadiri siku inavyokwenda huelekeza kwenye kazi. Baada ya wiki tatu au nne nenda na daftari hilo kwenye kitengo cha fiziotherapia cha hospitali ya rufaa ya mkoa, ambako mtaalamu atapima ufunguaji kwa rula, ataishika misuli ya ndani akiwa amevaa glavu, na atakisogeza kiungo chenyewe kwa namna ambayo mtu hawezi kujifanyia.

Yapo pia maumivu ya taya yasiyosubiri wiki tatu. Yakija pamoja na kubanwa kifua, jasho jembamba au kuhema, hasa unapopanda ngazi au kubeba mzigo, huenda ni moyo, na mtu aende hospitali saa hiyohiyo. Taya linalokakamaa kwa mtu aliyejikata au kuchomwa na msumari siku au wiki chache zilizopita linaweza kuwa dalili ya pepopunda. Mtu aliyepita miaka 50 anayepata maumivu mapya ya kichwa kwenye panja, taya likichoka kila anapotafuna na macho yakianza kufifia, aonwe siku hiyohiyo ili asipoteze uwezo wa kuona. Uvimbe unaokua, ganzi ya mdomo au kidevu, na homa navyo ni vya daktari kwanza.

SWALI: Mtoto wangu wa kiume ana miaka sita na anasaga meno karibu kila usiku. Mama mkwe anasisitiza kwamba ni minyoo na amekwisha kumpa dawa mara tatu mwaka huu. Je, nimfundishe mazoezi ya taya? — Mama Abdul, Dodoma

JIBU: Msikilize mama mkwe kwa heshima, kwa kuwa imani hiyo ameirithi kutoka kwa waliomlea, lakini kusaga meno peke yake hakumwonyeshi mtu kuwa na minyoo. Watoto wengi husaga meno usingizini, na wengi wao huacha wenyewe kadiri wanavyokua. Dawa ya minyoo mpe kwa ratiba ya kituo cha afya au ya shule, kwa sababu ya minyoo yenyewe. Mazoezi ya taya hayamhusu mtoto asiye na maumivu. Nakuomba umsikilize akiwa amelala: akikoroma kila usiku, akipumua kwa mdomo au akilala kichwa kikiwa kimerudi nyuma, mpeleke akaangaliwe mafindofindo na nyama za puani. Zima televisheni na simu saa moja kabla ya kulala, mwogeshe maji ya uvuguvugu, na umsimulie hadithi isiyotisha. Akiamka analalamika shavu au kichwa, au meno ya utu uzima yakianza kulika, mwone daktari wa meno.

SWALI: Nina miaka 27. Natafuna miraa mara nne au tano kwa wiki, saa nyingi kila mara, pamoja na chingamu, na siku zote huweka upande wa kushoto. Shavu hilo sasa linaonekana kubwa kuliko la kulia, taya linalia nikifungua kinywa, na rafiki ninayeishi naye anasema nasaga meno usiku. Je, kuchuliwa kutanisaidia? — Kijana, Mombasa

JIBU: Kuchuliwa kutakupa nafuu ya siku moja, kaka, kisha utairudisha kazi ileile mezani. Msuli wa shavu hukua kwa kufanyishwa kazi kama unavyokua msuli wa mkono wa mpiga makasia, na wewe unaufanyisha kazi saa nyingi upande mmoja. Zaidi ya hayo, miraa ina kathinoni, kichangamshi kinachochelewesha usingizi na kuuweka mwili katika hali ya kukaza, kwa hiyo taya linapata mzigo wa mchana na wa usiku pamoja. Nakuandikia haya kwa sababu u kijana na kiungo hicho utakihitaji kwa miaka mingi ijayo. Kama huwezi kuacha kwa mara moja, anza kwa kuiondoa chingamu kabisa, punguza siku, na utafute ushauri kwenye kituo cha afya bila kuona haya.

Taya linalolia bila kuuma wala kukwama halihitaji tiba kwa sababu ya mlio peke yake. Ndani ya kiungo mna kisahani laini cha gegedu kinachoteleza pamoja na mfupa, na kikiteleza kwa kuchelewa kidogo mlio husikika. Simama mbele ya kioo, ulimi ukiwa kwenye kaakaa, fungua kinywa kwa kadiri ulimi unavyoweza kubaki pale, ukihakikisha kidevu kinashuka wima bila kukimbilia kushoto, na ufunge bila meno kugongana. Fanya hivyo mara sita, mara kadhaa kwa siku, na usilichezee taya ili liendelee kulia. Piga miayo ukiwa umeweka ngumi chini ya kidevu. Kukanda kwa maji ya moto na kuchua nilikoeleza kwenye jibu la Mama Fundi kunakufaa pia, upande wa kushoto zaidi.

Ila ukiamka siku moja ukakuta mlio umetoweka ghafla na kinywa hakifunguki kupita vidole viwili, usifurahie ukimya huo. Huenda kisahani kimekwama mbele ya kiungo. Usimruhusu mtu yeyote mtaani akilazimishe, kula vyakula laini, acha miraa siku hiyo, na ufike hospitali mapema, kwa kuwa taya lililokwama hurudishwa kwa urahisi zaidi katika siku za mwanzo kuliko baada ya wiki kupita.